Dokezo la Mwanahija

3 Februari

Daftari hili nililinunua la kuandikia tarehe za kesi. Damiani kaniambia siku hizi tarehe zote zinaingia kwenye kompyuta, nisipoteze wino. Basi nitaandika yangu.

Leo ameripoti mwanasheria mpya tuliyemngoja tangu Novemba. Anaitwa Mwanahija, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, miaka ishirini na tisa. Makao makuu ya kampuni yetu ya simu yametuletea hapa Lindi kwa sababu kesi za minara na za usajili wa laini zimetuelemea. Kitengo chetu cha sheria sasa kina watu watatu: mimi Tekla, mkuu wake kwa mwaka wa saba, mzee Damiani, karani, anayejua faili lipi limeliwa na mchwa na ukurasa wa ngapi, na huyu binti.

Kanisalimia "shikamoo dada Tekla" kwa adabu zote. Kufika saa nne alikuwa amekwisha kugundua kwamba mlinzi wetu ni mjukuu wa jirani wa shangazi yake. Saa sita mlinzi akamtolea kiti kizuri kutoka chumba cha mikutano. Kiti kile mimi nilikiomba mwaka juzi.

7 Februari

Mvua tangu alfajiri. Mnara wa Njinjo umezima, wateja wanapiga kelele. Hakuna jingine.

14 Februari

Nimerudi nyumbani na kichwa kinagonga.

Mgogoro wa mnara wa Nyangamara umekwisha. Miezi minane nimekwenda na kurudi kwa ile familia iliyotuzibia njia ya kufika kwenye mnara. Nimewapelekea ramani, nimewasomea mkataba kifungu kwa kifungu, hawakusogea. Jumanne Mwanahija akaomba gari. Alikaa uani na akina mama, akawasaidia kuchambua majani ya kunde, akawasikiliza mpaka adhuhuri. Kumbe hawakuwa na shida na mkataba. Walichukia kwamba mafundi wetu hupita katikati ya ua wao bila kupiga hodi. Akawaahidi njia ya pembeni, wakafungua.

Leo kwenye kikao cha video Bwana Francis, Mkurugenzi wetu wa Sheria aliyeko Dar, akasema mbele ya kanda zote, "Nataka kila kitengo kijifunze kwa Mwanahija."

Nyangamara ni kwetu. Nilizaliwa pale. Wale akina mama wananijua tangu nina kamasi puani. Kwa nini mimi hawakuniambia habari ya hodi?

15 Februari

Nimepata jibu, na silipendi. Sikuwauliza.

20 Februari

Barua imeingia kutoka polisi. Wanataka kujua laini fulani imesajiliwa kwa jina la nani. Mtendaji wa kijiji kimoja kupita Rutamba amekuwa akitumiwa ujumbe wa vitisho, na wiki iliyopita jiko lake la makuti limechomwa moto. Damiani akachapa taarifa kutoka kwenye mfumo: laini ni ya Hamida, mkulima, kasajili kwa alama ya kidole mwaka jana mwezi wa nane, siku ya mnada. Nikasaini hati ya kiapo. Kazi ya dakika kumi. Za namna hii nimesaini mia kadhaa.

27 Februari

Yule Hamida amefikishwa mahakamani leo. Damiani, aliyekuwa pale kwa shauri jingine, anasema dhamana ipo wazi ila wadhamini wanatakiwa waje na barua kutoka kwa mtendaji wao wa kijiji. Mtendaji wao ndiye mlalamikaji. Kasema hawezi kumwandikia barua ya dhamana mtu aliyetishia kumchoma. Mama wa watu karudishwa mahabusu.

"Mambo ya dunia," akasema Damiani.

Mwanahija akauliza, "Ana ugomvi gani na mtendaji?"

"Mpaka wa shamba la ufuta."

Akaandika kwenye kijitabu chake. Kila kitu anaandika. Inaniudhi.

2 Machi

Ramadhani imeanza. Mwanahija kapitia kwangu jioni kuniletea faili, akamkuta Mama barazani. Mama ana miaka sabini na sita, magoti hayamsaidii, maneno hayajapungua. Nilipotoka na chai nikawakuta wanacheka. Mwanahija alikuwa anasugua magoti ya Mama kwa mafuta ya nazi.

Alipoondoka Mama akasema, "Yule mtoto ana masikio."

"Na mimi?"

"Wewe una kazi."

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu, nimeahidi kufunga wivu badala ya nyama. Padri kasema tuchague kitu kigumu.

10 Machi

Bwana Francis kapiga simu mwenyewe. Kaniambia kwa siri kwamba nafasi ya Naibu Mkurugenzi wa Sheria inafunguliwa mwezi wa tano. Nafasi ile nimeingoja tangu nilipokuja kukaa huku kwa ahadi ya miaka miwili. Kisha akasema, "Nitumie wasifu wa Mwanahija. Na wako pia, bila shaka."

Na wako pia, bila shaka.

Sikula futari ya ofisini. Nimesingizia Kwaresima.

11 Machi

Mwanahija ameniletea dokezo la kurasa mbili, amelisaini kwa jina lake na tarehe ya leo. Nalinakili hapa kwa kifupi ili nisije kusema baadaye kwamba sikulielewa.

Amefukua rekodi za usajili za siku ile ya mnada. Kidole cha Hamida kilisajili laini mbili, zikipishana dakika nne, kwa wakala mmoja. Laini ya kwanza imetumika kila siku kijijini kwake. Ya pili haijawahi kuwashwa kijijini humo hata mara moja. Ndiyo iliyotuma vitisho, na siku zote imekuwa ikishika mnara wa hapa mjini. Tena si Hamida peke yake. Siku ile kwa wakala yule, watu wengine ishirini na watano vidole vyao vilisajili laini mbili mbili. Mwanahija ameandika: "Inaelekea wakala alimwambia mteja kidole hakijasoma, aweke tena." Anapendekeza tupeleke haraka hati ya kiapo ya nyongeza kusahihisha ile tuliyotoa.

Ile niliyosaini mimi.

Nilisoma mara mbili. Ni kazi nzuri. Ni kazi ambayo mimi mwenyewe ningeifanya miaka kumi iliyopita. Nikafikiri: hili likifika Dar kabla ya mwezi wa tano, hakuna haja ya kusoma wasifu wa mtu yeyote.

Nikamwambia, "Liache. Linahitaji kuhakikiwa."

"Sawa dada. Ila kesi inatajwa keshokutwa."

"Nimesema liache."

Nimeliweka kwenye droo ya pili.

13 Machi

Kesi imetajwa, imeahirishwa wiki mbili. Mvua.

17 Machi

Mvua. Sijahakiki chochote.

19 Machi

Bwana Francis kaandika kuuliza kama Mwanahija anajua Kiingereza cha mikataba ya kimataifa. Nimejibu: "Bado anajifunza." Si kweli. Anakiandika vizuri kuliko mimi.

24 Machi

"Dada Tekla, lile dokezo vipi?"

"Napitia."

"Naweza kukusaidia kuhakiki. Nikienda kule nikaongea na wawili watatu kati ya wale ishirini na watano…"

"Barabara haipitiki. Na usinifundishe kazi, Mwanahija."

Akainamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa saumu. Nikaona aibu, lakini aibu ile ikanipandisha hasira zaidi, tena hasira ya kumkasirikia yeye.

27 Machi

Leo nilikuwa mahakamani kwa shauri la kodi ya kiwanja. Tulipokuwa tunasubiri, mahabusu wakaingizwa ndani. Hakimu akaita jina, mwanamke mrefu mwembamba akasimama, kanga imefubaa, ndala moja nyekundu na moja ya bluu. Alikuwa Hamida. Nilikuwa sijawahi kumwona. Akauliza kama anaweza kusema neno. Akasema, "Mheshimiwa, ufuta wangu unamezwa na magugu, na mama yangu ni mgonjwa. Naomba angalau nipewe siku tatu, nitarudi mwenyewe kwa miguu yangu." Hakimu akamweleza kwa upole utaratibu wa wadhamini. Tarehe nyingine ni kumi Aprili.

Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Droo ya pili iko mwendo wa dakika sita kutoka pale. Nilihesabu nikirudi.

Nilifika ofisini nimekusudia kulitoa. Nikamkuta Mwanahija kwenye simu anacheka, anasema, "Hapana Bwana Francis, mimi nawaita wazee wangu tu, hawanikatalii." Nikapita moja kwa moja mpaka chooni, nikafunga mlango.

31 Machi

Idd. Ofisi imefungwa. Mwanahija kaenda kwao Kivinje. Barabara ya Dar imekatika Somanga, mabasi yamelala huko. Mama kauliza mara mbili kama Mwanahija atarudi na halua.

3 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi Damiani aliingia kwangu bila kubisha hodi. Nyuma yake alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, suruali ina tope mpaka magotini, kofia mkononi. Mwanahija, aliyekuwa amerudi jana, akainuka kumpa kiti. Hakukaa.

"Naitwa Bakary," akasema. "Hamida ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimeambiwa ofisi hii ndiyo iliyoandika kwamba ile laini ni yake. Aliyeandika ni nani?"

Mwanahija hakunitazama. Hilo namshukuru.

"Ni mimi," nikasema.

"Basi nimekuja kwako." Alisema taratibu, bila ukali. "Mama yetu amefariki juzi, tumemzika siku ile ile. Hamida bado hajui. Ninakwenda kumwambia leo. Namjua mdogo wangu, akishalia ataniuliza atatoka lini. Sasa mimi sitaki kwenda mikono mitupu. Nimekuja kukuuliza wewe ili nimjibu."

Nikasema inna lillahi kama tunavyosema sote huku. Nikasema pole sana. Nikasema kampuni inafuatilia.

"Inafuatilia nini?"

Jibu lilikuwa limelala kwenye droo karibu na goti langu.

Akaendelea kana kwamba hakuniuliza. "Marehemu alikuwa anawaambia watu kila siku: Hamida wangu hata kuandika ujumbe hajui, akitaka jambo anapiga simu. Nani amsikilize mgonjwa? Msibani nimesikia kwa masikio yangu wanawake wakisema bibi kauawa na aibu ya mwanawe." Akavaa kofia. "Haya. Nitamwambia mnafuatilia."

Alipotoka, chumba kizima kilinuka tope. Damiani akajifanya ana kazi nje. Nikafungua droo. Mwanahija alikuwa amesimama pale pale.

"Andaa kiapo cha nyongeza," nikamwambia. "Nitasaini leo."

"Nimeshakiandaa, dada," akasema. "Tangu tarehe kumi na moja Machi."

Akakileta. Alichobadilisha ni tarehe tu.

4 Aprili

Nimekwenda mwenyewe kwa mwanasheria wa serikali na kwa mpelelezi, nikiwa na rekodi zote. Wamesoma, wameniuliza maswali mengi. Hakuna aliyeniuliza nililijua jambo hili tangu lini.

8 Aprili

Hawakungoja tarehe kumi. Upande wa mashtaka umeomba shauri liondolewe. Wakala amekamatwa, laini ya pili alikuwa amemuuzia mtu mwingine, naye anatafutwa. Hamida ametoka saa saba. Bakary alikuwa anamngoja nje na kanga nyeusi mkononi. Niliona kwa mbali. Sikusogea.

9 Aprili

Bwana Francis kapiga simu, sauti imejaa furaha. "Tekla, kazi safi sana. Wakala kama huyu angeweza kutuingiza kwenye matatizo makubwa na mamlaka. Nimesoma kiapo chako. Uchambuzi wa mnara ulioshika laini, dakika nne, vile vidole ishirini na vitano! Hii ndiyo kazi ya kiongozi. Nikwambie ukweli, nilikuwa nasitasita kati yenu wawili. Sisiti tena."

Kiapo kina jina langu na saini yangu. Jina la Mwanahija halimo popote.

Nikasema, "Asante."

10 Aprili

Nimekaa na ile asante siku nzima. Sitadanganya humu ndani: ilikuwa tamu. Nilimwangalia Mwanahija akipiga chapa barua za kawaida na nikajisemea, leo uko chini yangu na utabaki chini yangu. Utamu ule ulidumu mpaka chakula cha usiku.

Mama akasema, "Umepandishwa cheo, mbona huli?"

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Nusu yake unacheka, nusu unatafuta pa kujificha."

Nikaweka kijiko, nikamweleza yote, tangu kile kiti. Nilitegemea atanigombeza. Alisugua magoti yake mwenyewe, kisha akauliza, "Huyo mama wa Hamida, alikuwa na umri gani?"

Sijui. Sikuuliza hata hilo.

11 Aprili

Nimemwita Mwanahija, nimefunga mlango. Nikamwambia kwamba dokezo lake halikuhitaji kuhakikiwa. Nikamwambia nilikuwa na wivu, kwa neno lile lile, bila kulivika nguo. Nikaanza kulia.

Nilidhani atanibembeleza, maana humbembeleza kila mtu. Hakufanya hivyo.

"Nilijua," akasema. "Si siku ya kwanza, lakini kufikia wiki ya pili nilijua. Nakala nilikuwa nayo, dada. Mara tatu nilimwandikia Bwana Francis, mara tatu nikafuta. Nikasema mimi mgeni, wataniona namruka mkubwa wangu, wataniharibia jina. Nikaenda kula Idd kwetu na nakala iko kwenye mkoba. Kwa hiyo usinililie mimi. Mimi si mtu wa kukusamehe."

Miezi miwili nimemtazama binti huyu nikiona mtu asiyekosea. Leo ndiyo nimemwona mtu. Ajabu ni kwamba wivu haukuondoka. Ila kulikuwa na kitu kingine pembeni yake, na kilikuwa kizito zaidi.

14 Aprili

Nimempigia Bwana Francis, nikampa tarehe zote mbili, ya dokezo na ya kiapo, na jina la aliyechambua.

"Unaelewa unachoniambia, Tekla?"

"Naelewa."

"Siku ishirini na tatu."

"Ndiyo."

"Andika. Saini. Nitumie leo."

Nimeandika.

22 Aprili

Pasaka imepita. Barua ya onyo imefika. Nabaki mkuu wa kitengo hadi Desemba, kisha wataamua. Unaibu anapewa Mwanahija. Nimeomba ruhusa kwenda kwa Hamida na barua rasmi ya kampuni. Wamekubali. Njia ya Rutamba imejaa maji, gari halipiti.

25 Aprili

Mvua.

28 Aprili

Mvua. Mimi na Damiani tumeanza kuwatafuta wale ishirini na watano. Wanne wamepatikana.

2 Mei

Mwanahija amesafiri leo kwenda Dar. Mlinzi alilia waziwazi. Mama alimtuma Damiani ampelekee kanga doti nzima, ile niliyomnunulia mimi Krismasi. Tuliagana stendi saa kumi na mbili asubuhi. Akaniambia, "Kule ukifika, mwambie Hamida na mimi nitakuja. Nikipata ujasiri." Nikamwambia nitamwambia.

Nilimwonea wivu mpaka basi likakata kona. Nilimwonea wivu hata ujasiri anaosema hana. Nimeamua kuacha kuahidi kwamba wivu utakwisha. Nitauangalia tu, nisiupe tena funguo za droo.

17 Mei

Mvua zimekatika wiki sasa, njia imekauka. Nimekwenda na Damiani.

Mashamba ya jirani ufuta umesimama, unakaribia kukatwa. La Hamida ni magugu yanayofika kifuani. Ufuta ni mche mmoja hapa, mmoja kule. Tulimkuta anafyeka. Alivaa nyeusi. Akatukaribisha, akatandika mkeka chini ya kibanda cha shamba, akatupa maji.

Nikamweleza. Sikumzungushia maneno. Alisikiliza macho yake yakiwa kwenye panga.

"Hiyo karatasi ya mwenzako ilikufikia tarehe ngapi?"

"Kumi na moja Machi."

"Mama kafariki tarehe moja." Akahesabu kwa vidole. "Ungeitoa siku ile, mimi ningetoka lini?"

"Baada ya siku nne. Labda tano."

Damiani akatazama pembeni. Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye magugu. Hamida hakulia wala hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili.

"Alikuwa na umri gani, mama?" nikauliza.

"Sabini na mbili." Akanyoosha mkono. "Hiyo bahasha ni ya nini?"

"Ni barua ya kampuni. Inasema hukuhusika."

"Mimi najua sikuhusika. Wapo wasiojua. Leo ni mkutano wa kijiji. Twende ukawasomee."

Tukaenda mpaka ofisi ya kijiji, panga lake akaliacha mlangoni. Watu walikuwa kama sitini, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mtendaji akanipa nafasi, hata macho hakuyainua. Nikasoma: kwamba Hamida hakutuma vitisho, kwamba kidole chake kilitumiwa na wakala bila yeye kujua, kwamba kampuni inaomba radhi. Barua iliishia hapo. Nikaikunja, nikaongeza yale ambayo hayakuandikwa: kwamba ukweli huu nilikuwa nao mezani tangu tarehe kumi na moja Machi, na niliuficha kwa wivu wa kazi.

Mwanamke mmoja mtu mzima akauliza, "Ina maana bibi yule alipokuwa anasema mwanawe hajui kuandika ujumbe, wewe ulikuwa unajua kwamba anasema kweli?"

"Nilikuwa najua."

Hapakuwa na zogo. Ingekuwa afadhali pangekuwa na zogo. Hamida akainuka, akaichukua barua mkononi mwangu, akaelekea upande wa wanawake, akasimama mbele yao.

"Mlisema mama kauawa na aibu yangu," akasema. "Mmesikia ilikuwa ya nani."

Akachomeka barua kiunoni, akaokota panga lake pale mlangoni, akarudi shambani. Hakuniaga.